Sentimita moja kwa saa: hii haraka ya leba ni ya nani?

Kwa leba wodi zetu hapa Nairobi, ukishapimwa njia tu saa inaanza kukuhesabia. Njia ikifunguka sentimita nne na ukae hapo muda mrefu bila kusonga unaambiwa ni dripu ya kuongeza uchungu, na ukiuliza kama mnaeza kungoja kidogo unaitwa mjuaji, wale wa kusoma vitu kwa simu.

Mi naona hawa wamama wanaonewa. Hiyo hesabu ya njia kufunguka sentimita moja kila saa watu wanaishika kama amri, na ilianza vingine kabisa. Mwaka wa 1972 watafiti Philpott na Castle, wakiwa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walichora mstari wa tahadhari wa hiyo sentimita moja kwa saa kwa chati ya leba ili mkunga wa kliniki ya mbali ajue mapema ni mama gani apelekwe hospitali kubwa. Mstari wa kuchukua hatua waliuweka masaa 4 mbele. Yaani ule wa kwanza ulikuwa wa kusema tafuteni gari! Sasa mama ashafika hospitali kubwa, ako kitandani, bado anakimbizwa na mstari uleule. Na 2018 WHO, shirika la afya duniani, ikasema wazi kwamba wamama wengi hawafunguki kwa hiyo spidi na bado wanazaa salama, kwamba leba yenyewe ishike kuhesabiwa kutoka sentimita 5, na kama mama na mtoto wako sawa, mwendo wa polepole peke yake sio sababu ya kuongeza dawa. Kumbe huyo wa sentimita nne hata hajachelewa, ndio anaanza.

Haimaanishi masista wana roho mbaya. Sista mmoja na wamama kibao, vitanda vimejaa, na leba ikikwama kweli inaleta fistula (tundu la kuvujisha mkojo au choo), kizazi kinapasuka, mtoto anakosa hewa. Oksitosini, dawa ya hiyo dripu, imeokoa wengi, hasa kuzuia damu baada ya kuzaa. Lakini ukiwekewa dripu inafaa matone yahesabiwe na moyo wa mtoto usikilizwe mara kwa mara, na huyo sista tumesema ni mmoja. Uchungu ukizidi kipimo mtoto anachoka, moyo unashuka, mnakimbizana thieta, halafu inaandikwa ni mtoto alichoka. (Na msiniambie pesa haiingii hapo, SHA, bima ya afya ya serikali, inalipa shilingi 10,000 kwa kuzaa kawaida na 30,000 kwa CS, yaani kuzaa kwa upasuaji.)

Mwenye angesaidia bure kabisa, wa kumsugua mgongo na kumtembeza, mara nyingi ameachwa nje ya geti na thamosi ya uji, na WHO hiyohiyo inasema mama awe na mtu wake.

Kwa hivyo uliza moyo wa mtoto unapiga aje. Kama uko sawa na wewe uko sawa, omba muda, tembea. Ukiambiwa moyo wa mtoto umeshuka, weka sahihi ya CS hapo hapo, mambo ya kungoja mama mkwe apigiwe simu wachana nayo.