Liyongo alijua

Bibi yangu alikuwa fundi wa mikeka. Baada ya sala ya Alasiri alikaa uani, marundo ya ukili miguuni, shazia mkononi, akishona huku akitusimulia. Kisa tulichokipenda kuliko vyote ni cha Fumo Liyongo. Mikono ya bibi haikusita Liyongo alipotoroka gerezani, wala alipowindwa porini. Ilisita mahali pamoja tu: pale mtoto anapomuuliza baba yake ni kitu gani kinachoweza kumuua. Hapo shazia ilibaki hewani, uzi ukining'inia, naye akatutazama mmoja mmoja. "Alikuwa akijua," alisema. Kisha sindano ikarudi kwenye ukili.

Miaka ikapita, nikakutana na Liyongo tena shuleni. Mwalimu aliandika ubaoni "Kikulacho ki nguoni mwako", tukanakili, tukajibu maswali matano kuhusu sifa za jagina, tukafunga madaftari. Sifa mojawapo tuliyokariri ilikuwa kwamba shujaa wa visakale huwa na udhaifu wa siri na hufa kwa kusalitiwa. Sina ugomvi na methali ile. Lakini inamhusu mtu anayeumwa bila kujua, anayekuna huku na huku na mdudu yumo kwenye pindo la nguo yake. Liyongo alikuwa amekwisha kumwona mdudu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiamini kwamba tunamsomesha vibaya shujaa wetu mkubwa kuliko wote, na kwamba kwa kumsoma vibaya tunawasoma vibaya na wenzake wa Ugiriki na India.

Nikieleze kisa kwa ajili ya waliokisikia nusu. Liyongo ni mtu wa pwani ya kaskazini ya Kenya, upande wa Pate na Ozi, na wenyeji wa Kipini wanasema kaburi lake liko kwao. Wanahistoria wanabishana aliishi karne gani, ubishi ambao sitauingilia. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliandika utenzi wake mwaka 1913, na kabla ya hapo, mwaka 1870, Edward Steere alikuwa amechapisha masimulizi ya nathari aliyoyapata kwa wasimulizi wa Unguja. Liyongo ni mrefu kupita kiasi, ni mpiga mishale asiyekosa, na ni malenga. Sultani wa Pate anaogopa kwamba mtu huyu ataichukua enzi. Waoromo, ambao utenzi unawaita Wagala, wanamwona na kutaka mbegu yake. Anaozwa binti wa kwao, anazaliwa mtoto wa kiume.

Sultani anajaribu kumuua mara nyingi. Mara moja wenzake wanaandaa kikoa cha makoma: kila siku mmoja wao apande mkoma awaangushie wenzake matunda, na zamu ya Liyongo ikifika, akiwa juu ya mti, wote wamfumie mishale. Zamu yake inafika. Liyongo hapandi. Anachukua upinde, analenga kutoka chini, makoma yanaanguka, watu wanatazamana.

Baadaye wanamfunga gerezani kwa pingu na minyororo. Anamtuma kijakazi Saada kwa mama yake, na ujumbe wenyewe ni shairi ambalo walinzi wanalisikia wasilielewe. Mama analielewa. Anaoka mikate mizuri, na pamoja nayo mmoja wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa anaficha tupa. Walinzi wanakula ile mizuri, ule wa wishwa wanamwachia mfungwa. Halafu Liyongo anaomba, kama haja yake ya mwisho, achezewe gungu. Matoazi yakilia na ngoma zikipigwa, yeye anakereza minyororo, na sauti ya chuma inamezwa na sauti ya furaha. Mji mzima unamchezea ngoma mtu anayejifungua.

Haya yaweke akilini, maana hoja yangu yote imejengwa juu yake. Mtu huyu hadanganyiki. Anaunusa mtego kabla haujategwa, anaficha maneno ndani ya maneno na chuma ndani ya mkate. Ndipo anapokuja mtoto wake, kijana mdogo aliyeahidiwa makuu na watawala wa mji, anauliza swali lisilo na hata kitambaa cha kulifunika: baba, ni kitu gani kinachokuua?

Nani atakubali kwamba Liyongo wa mkoma na wa tupa alinaswa na swali hilo? Na masimulizi ya Steere hayatuachii nafasi ya kukisia. Baba anamwambia mtoto waziwazi kwamba anadhani amedanganywa na watu na kwamba anataka kumuua. Hapohapo anamtajia: sindano ya shaba, kitovuni, silaha nyingine yoyote haimdhuru. Mtoto anaondoka na siri, anarudi akiwa na sindano, na baba anampokea kwa furaha.

Anampokea. Katika kisa chote hakuna neno linalonishinda kama hilo.

Tukitaka kumwelewa, twende kwa Wagiriki. Watu wengi wanamjua Achilles kwa kisigino: mama yake, mungu wa kike Thetis, alimchovya katika mto Styx akiwa mchanga, akamshika kisiginoni, na pale alipomshika maji hayakufika. Lakini hadithi hiyo ya kuchovywa hatuipati kwa Homer, mshairi wa Kigiriki wa Iliad, utenzi wa vita vya Troy. Tunaipata kwa Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1 BK, mamia ya miaka baada ya Iliad. Ndani ya Iliad Achilles ana ngozi kama yangu na yako. Katika kitabu cha 21 mkuki unamkwaruza mkono na damu inatoka.

Alichonacho Achilles wa Homer ni habari. Mama yake amemwambia kwamba ana njia mbili: abaki Troy, afe kijana na jina lake lisife, au arudi kwao azeeke bila kusikika. Rafiki yake Patroclus anapouawa na Hector, bingwa wa Troy, Thetis anamweleza tena, akilia, kwamba Hector akifa tu, zamu inayofuata ni yake. Achilles anajibu kwamba na afe basi upesi, kwa kuwa hakuwepo kumsaidia rafiki yake alipokuwa akiuawa. Baadaye hata farasi wake, Xanthos, anafunguliwa kinywa na mungu wa kike Hera na kumwambia kwamba siku yake iko karibu. Achilles anamjibu kwamba hilo analijua mwenyewe, kisha anaendesha gari lake kuelekea vitani. Kwa karne nyingi watu wamekuwa wakizungumza juu ya kisigino, na mimi nasema kisigino kimetupotosha. Kinafanya kifo chake kionekane kama ajali ya malezi, kana kwamba Thetis angemgeuza mtoto na kumchovya mara ya pili, yote yangekuwa sawa.

Katika Mahabharata, utenzi mkuu wa Wahindi, yupo Karna, na kwangu huyu ndiye ndugu wa kweli wa Liyongo. Ni mwana wa Surya, mungu wa jua, na Kunti, ambaye alimzaa kabla ya ndoa na kumwacha mtoni. Amezaliwa na deraya mwilini na hereni masikioni, na maadamu anazo haiwezekani kumuua. Karna ana nadhiri: adhuhuri, akiwa katika ibada ya jua, kuhani yeyote akija na ombi harudi mikono mitupu. Indra, mfalme wa miungu, baba yake Arjuna ambaye ni hasimu wa Karna, anapanga kuja kwa sura ya kuhani na kuomba deraya hiyo. Surya anawahi. Anamtokea mwanawe ndotoni na kumwonya: atakayekuja ni Indra, usimpe. Karna anajibu kwamba nadhiri yake hataivunja hata kwa kulinda uhai wake. Baba, kwa kukata tamaa, anamsihi angalau aombe mkuki wa Indra kama badala.

Indra anakuja. Karna anachukua kisu na kuikata deraya kutoka mwilini mwake, maana haikuwa vazi la kuvuliwa, ilikuwa imeota naye. Anaikabidhi ikichuruzika damu. Sijui kama kuna kitendo cha kutoa katika visa vya kale kinachozidi hicho, na sipendi wafasiri wanaosema eti Karna alitapeliwa. Hatapeliwi mtu ambaye jua lenyewe limemwamsha likamwambia jina la tapeli.

Ndugu zangu Wakristo watanisamehe nikimtaja Samsoni katika safu hii, simtaji kama ngano. Someni upya Waamuzi sura ya 16. Wakuu wa Wafilisti wanamwahidi Delila vipande 1,100 vya fedha kutoka kwa kila mmoja wao. Anauliza siri ya nguvu. Samsoni anamdanganya kwa kamba za upinde, anafungwa hizohizo. Anamdanganya kwa kamba mpya, kisha kwa vishungi vya nywele vilivyofumwa, na kila alichokitaja kinatendwa. Baada ya mara tatu hizo, hakuna mtoto wa darasa la pili asiyeelewa Delila anafanya kazi ya nani. Mara ya nne anasema kweli. Wahubiri wengi niliowasikia wanamwita mjinga wa mapenzi. Mimi naona mtu aliyechoka kuwa peke yake na siri yake, na uchovu huo sijawahi kusikia ukihubiriwa.

Si wote walio hivyo, nakiri. Siegfried wa Wajerumani, katika utenzi wao wa karibu mwaka 1200, alioga damu ya joka akawa hapenyeki, ila jani la mti lilimwangukia katikati ya mabega. Mkewe Kriemhild anashona msalaba mdogo juu ya nguo yake mahali hapo, akiamini Hagen, askari wa kaka zake, atapalinda, naye Hagen anapachoma mkuki Siegfried akiwa ameinama kunywa maji chemchemini. Siegfried hakujua lolote. Ni kisa cha kusikitisha, lakini uzito wake uko kwa mke aliyeshona ile alama kwa mkono wake. Na Balder, mungu wa watu wa Skandinavia, mama yake aliviapisha vitu vyote visimdhuru, akauawa kwa kijitawi ambacho mama alikiona kichanga mno kukiapisha. Hawa ndio wanaofaa ile methali ya ubaoni.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa Liyongo alijivuna, kwamba mtu aliyeshinda mitego yote alifikiri atashinda na huu. Nimeipima hoja hiyo kwa miaka na hainiingii. Mwenye kiburi hukutajia udhaifu wake akiamini huthubutu kuutumia. Liyongo anasema kinyume: nadhani unataka kuniua. Anaweka jambo lote mezani, anampa mtoto nafasi ya kulia, ya kukana, ya kukimbia. Angeweza kumwambia sindano ya fedha. Angeweza kumwambia sikioni. Uongo mmoja tu, kwa bingwa wa uongo, na mtoto angerudi mjini mikono mitupu, na baba angebaki porini na upinde wake, akijua hadi siku ya kufa kwamba alimpima mwanawe na hakumpa nafasi ya kukataa. Nikiwa na watoto wangu sasa, naelewa kwa nini alishindwa kuusema uongo huo.

Nilimuuliza bibi wakati mmoja, nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, kwa nini Liyongo alisema ikiwa alijua. Hakusimamisha mkono. "Kwani aliyeuliza ni nani, mjukuu wangu?"

Ndiyo maana nawaomba walimu wa fasihi simulizi, wanaofundisha mighani kila mwaka, wasiishie kwenye neno "usaliti". Waache wanafunzi wabishane juu ya yale maneno ya baba. Wawape Karna na Achilles wa Homer pembeni yake. Mtoto wa Kipini au wa Tanga akigundua kwamba kisa cha kwao kinakaa meza moja na visa hivyo bila kuazima kiti, hatahitaji kuambiwa akiheshimu.

Na wasiuruke mwisho. Sindano ikiwa imekwisha kuingia, Liyongo anaamka, anashika upinde na mshale, anatoka hadi karibu na kisima cha mji. Anapiga goti, anauvuta upinde kuwaelekea watu, na katika hali hiyo roho inatoka. Hakuna anayethubutu kusogea, kwa kuwa wote wanadhani yu hai na ana hasira. Wanakunywa maji ya misikitini hadi yanakwisha. Wanamwendea mama yake, wakimwomba amtulize mwanawe. Mama anakuja, yuleyule aliyeoka mkate wa wishwa, anasimama mbali kidogo na kuanza kumwimbia mashairi, kama walivyozoea kuzungumza wao wawili, na kila akimaliza beti anangoja ajibiwe. Siku zinapita hivyo, hadi mwili unapoanguka chini wenyewe.