Bi mkubwa na bata wa mtihani

Jamani huku Minnesota, Marekani, mbwa wanafanyiwa mtihani, na sio utani, kuna paper ya nchi kavu na paper ya majini, kuna majaji wawili na makaratasi yao, kuna kufaulu na kufeli, na ada unalipa kabisa. Ni hawa mbwa wa kuokota ndege, labrado na ndugu zake, mwindaji akiangusha bata kazi yao kumfuata na kumleta bila kumtafuna. Ngazi ya kwanza inaitwa Junior, anarushiwa bata wanne mmoja mmoja, wawili nchi kavu wawili majini, umbali hauzidishwi yadi 100 hivi, na bata lazima afike MKONONI mwako. Maksi ni 0 mpaka 10, wanaangalia kama kaona bata kaangukia wapi, mbwembwe zake, kutokata tamaa na usikivu, ukijumlisha wastani usishuke chini ya 7. Hakuna kushindana na mwenzio, mbwa wote wanaweza kufaulu siku hiyo au wote wakarudi nyumbani wameinama.

Mi kuingia huko ni mzee mmoja jirani yangu, mstaafu, ana labrado jeusi linaitwa Duke. Wikiendi nilikuwa naenda kumrushia, yani unasimama kule mbali umevaa koti jeupe, unapiga baruti, unatupa bampa, kile kidude cha plastiki kinachoelea, au bata wa kwenye friza kama siku hiyo mzee kaamua mambo yawe siriasi. Bata wa friza akishayeyuka mara kadhaa ile harufu yake sitaki hata kuielezea, kuna watu hapa wanakula.

Mtihani unakaribia mzee akafanyiwa opresheni ya goti. Akanambia nenda wewe, anakusikia huyu.

Sasa bi mkubwa wangu alikuwa kaja kutoka Tanga kutusalimia. Yeye na mbwa ni heshima za mbali, mate ya mbwa najisi, hataki aguswe hata na mkia, lakini roho yake haiwezi kuona kiumbe kinamtazama na yeye anakula, kwa hiyo kila asubuhi anarusha kipande cha chapati juu ya uzio, "haya mtoto wa watu, kula". Duke upande wa pili anakaa chini wima, anasubiri, anadaka. Kumbe pale uani kuna mafunzo yanaendelea ambayo mzee hana habari nayo.

Nikamwomba siku ya mtihani abaki nyumbani, akakataa, hakai peke yake na kile king'ora cha moshi kinachomlilia kila akikaanga dagaa. Haya tukaenda. Pale watu wote wako kimya, nguo za kombati na rangi za giza ndio utaratibu kwa anayeongoza mbwa, halafu kwenye viti vya watazamaji kuna doti ya kanga ya chungwa inayoonekana mpaka ng'ambo ya ziwa, na mwamvuli, na hotipoti.

Nchi kavu Duke aliua. Namba yetu ikiitwa namwachia, anaenda mshale, anarudi, ananikabidhi, mpaka jaji mmoja akatingisha kichwa kwa kuridhika. Majini bata wa kwanza safi pia, mzima kabisa. Bata wa pili akarushwa ng'ambo kidogo ya majani, Duke akaogelea, akamkamata, akageuka, mi nishaanza kutunga maneno ya kumpigia mzee.

Bi mkubwa akafungua hotipoti.

Yule mbwa alitoka majini akasimama, pua juu. Nikapiga filimbi. Akaniangalia kama unavyomwangalia konda aliyekudai nauli mara ya pili, akanipita, akapita majaji, akaenda moja kwa moja kwenye kanga ya chungwa, akakaa chini wima, bata mdomoni. Bi mkubwa kaganda na kipande cha chapati mkononi. "Mwanangu, huyu anataka nini?" Mi siwezi kujibu, niko kwenye mstari, napuliza filimbi mpaka mashavu yanauma. Duke akamlaza bata juu ya viatu vyake taratibu, kwa adabu zote, halafu akajikung'uta. Maji ya ziwa zima. Kanga, uso, hotipoti.

"Astaghfirullah! Kibudu hiki, hakikuchinjwa! Toka! Kule!" na mwamvuli kaunyoosha kulia.

Hapa lazima niwaeleze kitu. Mzee alikuwa kashaanza kumfundisha Duke masomo ya ngazi ya juu, ambako mbwa anaongozwa kwa ishara ya mkono kwenda kwa bata ambaye hakumuona akianguka, ukinyoosha mkono kulia anaenda kulia. Mazoezini ile ishara ilikuwa inamshinda, anabaki anakushangaa tu. Siku hiyo bi mkubwa kanyoosha mwamvuli mara moja na Duke kachomoka kulia kama kazaliwa anaijua, na kule kulia ndiko kilipokuwa kichanja wanapotundikwa bata wa wenzake waliotangulia.

Akamletea wa pili.

Jaji mwanamke akageukia ziwani, mabega yanamtetemeka. Yule mwenzie anajitahidi kuandika lakini kalamu inakwenda popote. Watazamaji wale waliokuwa kimya toka asubuhi, weee.

Bi mkubwa hakuwa na muda nao. Sisi Washafii najisi ya mbwa unaosha mara saba na moja yake kwa udongo, akaanza kuuliza kwa kiingereza chake, "soil, please, clean soil", ameloa chapachapa na bata wawili miguuni. Babu mmoja wa kujitolea akaja na sepetu, akavua kofia, akamuuliza kwa sauti ya msiba anataka wazikwe wapi.

Kufeli nadhani mmeshajua. Mzee nilipomsimulia alicheka mpaka akashika goti, halafu akaniuliza swali moja tu, ule mwamvuli aliunyoosha kwa mkono gani.

Usiku bi mkubwa akatuma voisi kwenye grupu la ukoo, dakika tano nzima, nasikia kutoka jikoni: "Huku mbwa wana mtihani, na mwanenu kafeli. Mbwa hapana, mbwa kafanya vizuri, kaleta bata wawili pale pale nilipokaa. Aliyefeli ni huyu wa filimbi."

Mama mdogo akajibu hapo hapo: "Na ada kalipa?"