Gramu mbili za sindano

Asubuhi nikiwa kwenye daladala nasikiliza muziki wa mtandaoni kama watu wengine wote. Boomplay ninayo, na Spotify ilipofunguliwa Tanzania na Kenya mwaka 2021 nilijiunga na nikafurahi. Sina ugomvi na urahisi huo. Ninachokikataa ni kauli ninayokutana nayo kila nikitaja santuri, zile sahani za muziki za zamani: "Ya nini kujitesa, si kila kitu kipo mtandaoni?"

Hakipo. Chukua muziki wa dansi wa miaka ya 1970. Nyimbo za bendi zilikuwa ndefu, na santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika hubeba dakika nne hivi kila upande. Basi wimbo ulikatwa katikati: mashairi upande wa kwanza, chemko, yaani sehemu ya kasi ya kuchezea, upande wa pili. Mtu alinyanyuka, akageuza, magita yakaanza kukimbizana. Mtandaoni nimekuta nyimbo zilizowekwa upande mmoja tu. Sauti inafifia pale pale chemko linapotaka kuanza, na asiyejua hudhani wimbo umeisha. Jina la mtunzi, ambalo kwenye karatasi ya katikati ya santuri limechapwa chini ya jina la wimbo, mara nyingi halimo. Na nyimbo nyingine nimezitafuta kwa kila tahajia, sikuziona kabisa.

Ndiyo maana baba mdogo alipofariki na boksi lake la santuri likaletwa kwangu, nilitafuta mashine ya kuzipigia. Nikapata ya mtumba, inayozungushwa kwa mkanda wa mpira, inazunguka vizuri. Aliyeniuzia alisema niichomeke tu itaimba. Nikaichomeka, sindano ikawa inaruka. Nikampigia simu, akasema niweke sarafu juu ya kichwa cha mkono unaobeba sindano, wazee ndivyo walivyofanya. Kweli ikatulia. Nikaipiga santuri moja ya Simba Wanyika, wale vijana wa Tanga waliokwenda kutamba Nairobi, jioni nzima, nikiirudia. Sindano ilikuwa imechakaa na sarafu ikaikandamiza kwenye mifereji ya santuri, ile mistari ambamo sindano hupita. Kufika usiku, gita la juu lilikuwa limeingia mkwaruzo ambao haujatoka mpaka leo. Ilikuwa nakala pekee niliyokuwa nayo, na bado inaniuma.

Kuifunga mashine sawasawa kunachukua nusu siku. Unaanza na meza: weka pimamaji ya fundi mwashi juu ya mashine, mbele na nyuma, kushoto na kulia, mpaka kipovu kitulie katikati. Halafu sindano mpya. Hapo usibane pesa. Halafu mkono, na hapa ndipo ninapowaomba watu wasiharakishe. Unazungusha uzito wa nyuma kidogo kidogo mpaka mkono uelee wenyewe hewani, hauzami wala haupandi. Ukipumua karibu nao unatikisika. Hiyo ndiyo sifuri. Unapanga namba za uzito huo kwenye sifuri, kisha unausogeza uzito mbele mpaka gramu alizotaja mtengenezaji wa sindano. Kwa yangu ni gramu mbili. Wengi huona bora iwe nyepesi zaidi kwa usalama. Sivyo. Sindano iliyo nyepesi mno haishiki mfereji, inagongagonga kuta zake, na kila pigo linaacha alama.

Kuna na tundu la nyuma ya amplifaya lililoandikwa PHONO. Waliochonga mifereji ya santuri walipunguza besi na kupandisha sauti kali, kwa sababu besi kamili ingetaka mfereji mpana na wimbo usingeenea. Tundu hilo ndilo linalorudisha kila kitu mahali pake. Ukichomeka kwenye tundu la kawaida utasikia sauti ndogo, nyembamba kama ya bati, na utaondoka ukisema santuri hazina lolote.

Simu haikudai kazi hiyo, na ukikosea kwenye simu wimbo haudhuriki. Kesho utaupiga tena uko vile vile. Santuri ukikosea unaifuta kidogo kidogo kwa mkono wako. Kwa hiyo simwambii kila mtu akanunue mashine. Nasema na wewe mwenye boksi chini ya kitanda cha bibi: usizipige kwa mashine ya kubahatisha, na usizitupe kwa sababu simu inakutosha. Tafuta mashine moja ukoo mzima, ifungwe vizuri, mzipige huku mkizirekodi kwenye kompyuta, pande zote mbili. Mimi nimefanya hivyo na shangazi zangu Morogoro sasa wanazisikiliza kwenye simu zao, chemko na vyote. Shangazi mkubwa alisikia upande wa pili wa wimbo mmoja akaacha kuchambua mchele, akanyamaza mpaka ukaisha.

Chini kabisa ya boksi kuna mbili nzito za mizunguko 78, za taarabu, za aina ile ile aliyorekodi Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar, alipopelekwa Bombay mwaka 1928. Zikianguka zinavunjika kama sahani ya udongo. Mifereji yake ni mipana, na sindano yangu ingezama chini na kuburuzika humo. Sindano inayozifaa nimeiagiza. Mpaka ifike, zimelala kwenye bahasha zake, na sijui bado ni nani anaimba humo.