Cha juu cha winga wa Kariakoo: wizi au ujira?

Malalamiko ya mnunuzi wa Kariakoo huwa na sura moja. Kanunua raba kwa shilingi 35,000, kesho yake anamkuta mwenzake wa kazini kavaa zilezile, kazitoa duka lilelile, kwa 25,000. Mshtakiwa naye hatafutwi mbali: ni winga. Yule kijana aliyempokea Msimbazi kwa "karibu bosi, unatafuta nini nikupeleke", akamzungusha vichochoroni hadi dukani, ndiye aliyejiwekea elfu kumi ya juu. Kwa wengi kesi inaishia hapo. Mimi naona imefungwa mapema, ingawa sina nia ya kumtetea winga kwa kila alitendalo.

Kwa asiyeizoea Dar es Salaam, Kariakoo ni zaidi ya lile jengo la soko kuu alilolichora Beda Amuli, lililofunguliwa miaka ya 1970 na kuungua usiku wa Julai 10, 2021. Anayesema "naenda Kariakoo kununua vitu" mara nyingi hana habari na jengo hilo. Anakwenda kwenye mitaa inayolizunguka: Kongo kwa nguo, Aggrey kwa simu, Msimbazi, Mchikichi, Narung'ombe, Sikukuu. Ni maghorofa yaliyogawanywa fremu, yaani vyumba vya maduka, kuanzia chini hadi ghorofa za juu, nyingine zikiwa ndogo kiasi kwamba muuzaji akiingia mteja anabaki mlangoni. Mlango wa ghorofa haukuambii kilichomo ndani. Bidhaa moja inaweza kuwa kwenye maduka thelathini ya mtaa mmoja, na katika mengi ya hayo hakuna bei iliyoandikwa popote.

Hapo ndipo winga anapopata kazi. Hana duka, hana mtaji wala mshahara. Alichonacho ni ujuzi wa nani ana nini, saizi gani imebaki wapi, mzigo gani umeingia jana. Mwenye duka anampa bei yake, tuseme hiyo 25,000. Atakachokipata juu ya hapo ni chake, nacho ndicho kiitwacho cha juu. Akikukuta barabarani unahangaika na picha ya kiatu kwenye simu, anakwambia subiri hapo hapo, anakimbia, anarudi na pea tatu ambazo kazichukua kwa kuaminiwa tu, bila kuacha hata senti. Usipozipenda anazirudisha. Ukipenda, mnapatana, anampelekea mwenye mali pesa yake, kinachobaki anatia mfukoni.

Wanaomshtaki wana hoja nzito. Kubwa kuliko zote ni kwamba mnunuzi hajui kuwa anamlipa mtu wa tatu. Winga hujitambulisha kama mwenye duka au kama mfanyakazi wa duka. Mkifika ndani anawahi kusema na muuzaji, kwa jicho au kwa neno la haraka, na kuanzia hapo muuzaji hakutajii bei hata ukimuuliza yeye mwenyewe. Anakuelekeza kwa "huyo kijana". Ujira unaofichwa kwa anayeulipa ni vigumu kuuita ujira. Linalofuata ni mali yenyewe. Winga anauza asichokimiliki na pengine asichokijua. Atakuapia kuwa simu ni og, kumbe ni feki. Ukirudi wiki ijayo kijana humwoni, na mwenye duka anakuuliza ulimpa nani pesa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ile inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inamlinda mlaji dhidi ya udanganyifu wa namna hii, lakini ulinzi huo unahitaji mtu wa kushtakiwa, na huyu hana fremu wala jina ubaoni.

Kuna jambo la tatu ambalo halisemwi sana, nalo ndilo linaloniudhi zaidi: risiti. Wote tunaujua wimbo wa Mamlaka ya Mapato, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Sasa jiulize duka likitoa risiti ya mashine litaandika bei gani. Likiandika 25,000, mteja aliyetoa 35,000 anaona pengo pale pale na ugomvi unaanza. Likiandika 35,000, mwenye duka anajibebesha kodi ya pesa ambayo haikuingia kwake. Njia rahisi kwa wote wawili ni kutotoa risiti kabisa. Kwa hiyo cha juu hakiishii kukwepa kodi chenyewe. Kinayavuta na yale mauzo halali ya 25,000 yakafichike nacho. Na risiti pale Kariakoo si jambo jepesi. Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka kwa sababu ya manung'uniko yao dhidi ya ukusanyaji kodi hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kukaa nao Mnazi Mmoja, na Juni 2024 wakafunga tena. Katika mivutano yote hiyo wanaosikika ni wenye maduka, wenye namba za mlipakodi. Winga hamo kwenye daftari la mtu.

Lakini mtoeni winga barabarani kwa siku moja, muone nani atapotea wa kwanza.

Atapotea mgeni. Kariakoo inalisha zaidi ya Ilala na Kinondoni. Wanakuja wanunuzi kutoka Lubumbashi, Lusaka, Moroni, Bujumbura, na kutoka Mbeya na Mwanza. Mwanamke aliyesafiri na basi usiku kucha kuja kufunga mzigo wa madera na vyombo hana siku nne za kupanda na kushuka ngazi akilinganisha bei. Anataka mtu wa kumpeleka kwenye duka la jumla lenye mzigo mpya, kumtafutia kuli wa mkokoteni asiyemgeuka, kuhesabu naye marobota na kumfikisha kwa msafirishaji. Wengi wana winga wao wa kudumu. Humpigia kabla ya kuanza safari, na wengine siku hizi hawasafiri kabisa: wanatumiwa picha kwa WhatsApp, wanatuma pesa, mzigo unapakiwa. Winga wa namna hiyo akimlangua mteja wake anapoteza biashara ya mwaka mzima kwa faida ya siku moja, na yeye anajua hivyo kuliko sisi. Tofauti kati yake na yule wa raba ni kwamba mmoja anategemea urudi, mwingine anaamini hutarudi.

Atakayefuata kupotea ni mwenye duka wa ghorofa ya tatu. Kodi ya fremu hulipwa kwa mkupuo wa miezi sita au mwaka, na fremu za chini zinazotazama barabara zina bei ambayo mfanyabiashara anayeanza haisogelei, mbali na kilemba cha kumtoa aliyemo. Anayepanga juu anawategemea mawinga wamletee watu. Hawalipi mshahara, hawalishi, siku isiyo na mauzo hawamdai. Kwake ni kikosi cha mauzo cha bure. Nasema cha bure kwa sababu mlipaji ni wewe.

Halafu kuna vijana wenyewe. Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa kwenye barabara na njia za waenda kwa miguu, wakatakiwa kuhamia maeneo waliyopangiwa. Meza na vibanda vilibomolewa. Winga hana meza ya kubomolewa. Duka lake ni miguu na mdomo. Kitambulisho cha mjasiriamali kilichokuwa kikiuzwa shilingi 20,000 tangu mwishoni mwa 2018 kiliandaliwa kwa ajili ya mwenye bidhaa mkononi. Kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne bila mtaji, sioni kazi nyingi katika mji ule ambazo mtu anaweza kuzianza asubuhi na kulala ameshika pesa kwa kutumia maarifa tu. Ukisema zifutwe, useme pia waende wapi.

Basi tuirudie ile elfu kumi ya kwenye raba. Watu husema: winga akiondoka, kiatu kitauzwa 25,000. Sina hakika. Pale ambapo bei haikuandikwa, muuzaji mwenyewe hutazama uso wa mteja kabla ya kuitaja. Anatazama viatu ulivyovaa, anasikiliza lafudhi yako, anapima kama umetoka ofisini au uswahilini Tandale, kama una haraka, kama umekuja na mtoto anayelilia kitu. Mnunuzi ambaye winga angemtajia 35,000 atatajiwa 32,000 na mwenye duka, na atatoka akifurahi kwamba amekwepa kupigwa. Winga amejifunza mchezo huu dukani, hakuuleta yeye. Kinachompa nafasi mmoja ndicho kinachompa nafasi mwenzake, yaani bei iliyomo kichwani mwa muuzaji peke yake.

Lakini kuna fundo hapa ambalo watetezi wa winga hulikwepa. Duka likiamua kubandika bei, mawinga wanalihama. Watawapeleka wateja kwa jirani, kwa sababu kwenye duka lenye bei ubaoni hakuna cha juu. Mwenye fremu ya ghorofa ya tatu akibandika vibandiko vyake kwa uaminifu wote, jioni atakuwa anavisoma mwenyewe. Kwa hiyo kusema "tatizo ni bei kutoandikwa" kana kwamba winga ni mtazamaji tu si kweli. Bei zisizoandikwa zinamzaa winga, na winga anahakikisha haziandikwi.

Ajabu ni kwamba kazi hii hii ikihamia mtandaoni haimkeri mtu. Duka la Instagram lenye picha nzuri za mabegi, "tunafanya delivari mikoa yote", mara nyingi ni mtu mmoja asiye na begi hata moja nyumbani. Ukiagiza ndipo anakwenda Kariakoo kulichukua. Anaweka cha juu chake, pengine kikubwa kuliko cha yule wa Msimbazi, na mteja analipa akishukuru. (Hata yeye bei haiweki, atakuambia njoo DM.) Tofauti ni kwamba mteja wa mtandaoni anajua analipia kutokwenda Kariakoo. Amekubali huduma kabla ya kuilipia. Wa barabarani aliamini amefika kwa mwenye mali.

Serikali nayo haina msimamo mmoja. Amri ya mwaka 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ambayo ilitanguliwa na kelele za muda mrefu juu ya wageni wanaouza rejareja Kariakoo, iliutaja pia udalali wa biashara na wa majengo kuwa kazi ya wenyeji. Maana yake imeonekana ni riziki inayostahili kulindwa. Lakini kumlinda winga dhidi ya mgeni hakujamfanya ajulikane kwa mteja. Kulifungia duka la rejareja la mgeni nako kuna upande wa pili: palipokuwa na muuzaji anayemuuzia mnunuzi moja kwa moja bila mtu wa kati, mnunuzi anapungukiwa sehemu moja ya kulinganisha bei. Wenye maduka wa Kitanzania walikuwa na haki ya kulalamika kuhusu ushindani usio sawa. Mnunuzi hakuwakilishwa kwenye meza hiyo.

Kama ningeulizwa, nisingewakimbiza na mgambo. Ningeanza na cha juu chenyewe: kitoke mfukoni mwa mteja kiingie kwenye hesabu za duka. Mfano tunao kila kona ya mji. Wakala wa pesa za simu hajipangii makato yake kwa kutazama uso wako. Makato yamebandikwa, kamisheni yake analipwa na kampuni, na hakuna anayemwita mwizi. Duka likimlipa winga kamisheni inayojulikana kwa kila mteja anayemleta, bei inaweza kuandikwa, risiti inaweza kutoka ikiwa na kiasi kile kile alichotoa mteja, na winga hana sababu ya kukonyeza macho. Bei ya raba itapanda kidogo, labda 28,000, kwa wote. Nakiri kwamba mnunuzi mjanja, anayejua kufika dukani peke yake na kusema "nipe bei ya jumla, nachukua pea tatu", angepunjwa kidogo na mpango huo. Anayefaidi soko la leo ni yeye, na sishangai kwamba watetezi wakubwa wa bei ya mapatano ni wale wanaojua kupatana.

Wenye maduka watakuwa wagumu kuliko mawinga. Kamisheni inaonekana kwenye vitabu, na duka linalotoa risiti ya kila pea haliwezi tena kulidanganya daftari lake la kodi. Ndiyo maana ukiwasikia wakilalamika kwamba mawinga wanawaharibia jina, waulize kwa nini wanaendelea kuwapa mali kwa kuaminiana na kunyamaza wakati mteja anauliza bei.

Hadi hayo yabadilike, anayekwenda Kariakoo wikiendi hii ana silaha chache. Winga akimpokea, amuulize mapema kabisa: duka ni lako? Wengi hujibu kweli wakiulizwa waziwazi, na hapo mnaweza kupatana ujira wa kuzungushwa, elfu mbili au tatu, mbali na bei ya bidhaa, kisha bei aulizwe mwenye duka na pesa alipwe yeye kwa lipa namba ya duka. Kijana anayekubali masharti hayo ni wa kuchukuliwa namba yake. Anayekataa ameshakutajia, bila kukusudia, ukubwa wa cha juu alichokuwa amekiandaa.