Ukuta Uliomwagwa Kwingine: Paneli za Zege na Ujenzi wa Dar es Salaam

Mkazi wa Dar es Salaam ameishi na zege la kiwandani kwa miaka mingi bila kulipa jina. Kalvati zinazopitisha maji ya masika chini ya barabara za mitaa, kabistoni na pevingi za mbele ya maduka, mataruma yanayobeba reli ya SGR kuelekea Morogoro na Dodoma, na zile fensi za vibao vya zege vinavyotelezeshwa kwenye mifereji ya nguzo huko Goba, Madale na Kigamboni, vyote ni kazi ya aina moja: zege limemwagwa mahali pengine, likakomaa huko, kisha likaletwa likiwa gumu na kupachikwa. Mabishano huanza pale mtu anapopendekeza kwamba nyumba nzima, na hasa nyumba ya ghorofa, ijengwe kwa mtindo huo huo. Wapo wanaoona kuwa hiyo ndiyo dawa ya uhaba wa nyumba katika jiji ambalo sensa ya 2022 ililihesabia watu 5,383,728, na wapo wanaoona kuwa ni mzigo wa kigeni ambao mitaa yetu, mifuko yetu na mafundi wetu hawawezi kuubeba.

Utaratibu wenyewe hauna siri. Badala ya fundi mwashi kupanga tofali juu ya tofali, ukuta mzima wa chumba hulazwa kwenye meza ya chuma kiwandani, nondo zikasukwa, nafasi za mlango na dirisha zikaachwa, mabomba ya nyaya za umeme yakatangulizwa, ndipo zege linapomwagwa na kutikiswa. Paneli, yaani ukuta huo mzima, ikipata nguvu ya kutosha huinuliwa, husafirishwa ikiwa imesimama, na ikifika eneo la ujenzi kreni huiweka mahali pake, ikashikiliwa na mihimili ya mshazari ya muda hadi itakapofungwa na wenzake kwa nondo zinazochomoza pembeni, kwa boliti au kwa vyuma vya kuchomelea. Mwanya unaobaki katikati hujazwa zege laini. Huo mwanya, ambao mara nyingi hauzidi upana wa kiganja, ndio tutakaourudia.

Hoja ya kwanza ya wanaoutetea mtindo huu ni muda, nayo ina uzito. Katika ujenzi wetu wa kawaida kila kazi husubiri nyingine: msingi ukamilike ndipo nguzo zisimame, nguzo zishike ndipo mbao na mirunda ya sakafu ipangwe, zege la sakafu limwagwe, limwagiliwe maji, likae, ndipo mirunda itolewe na mafundi wapande juu. Nguvu kamili ya zege hupimwa siku ya 28, na ingawa hakuna anayesubiri siku zote hizo kabla ya kuendelea, jengo la ghorofa kumi bado ni foleni ndefu ya kusubiri, na mvua za masika zikiingia foleni hurefuka zaidi. Kiwanda huivunja foleni hiyo kwa kuwa kuta za ghorofa ya tano zinaweza kumwagwa siku ile ile msingi unapochimbwa. Joto letu nalo linasaidia, kwa sababu zege hupata nguvu za mwanzo haraka zaidi kwenye joto, mradi lisiachwe likakauka bila maji.

Hoja ya pili ni ubora, na hapa mtu aliyewahi kusimama kwenye eneo la ujenzi siku ya kumwaga zege ataelewa bila kuelezwa sana. Mchanganyiko unaoandikwa kwenye karatasi kuwa mmoja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga na kokoto) hupimwa kwa ndoo na karai, na kadiri jua linavyopanda ndivyo karai la mchanga linavyojaa kichuguu na mfuko wa saruji unavyotarajiwa kufika mbali zaidi. Maji huongezwa ili zege liteleze vizuri, kwa kuwa zege jepesi humwagika haraka na vibarua wanataka kumaliza, ilhali kila ndoo ya ziada inapunguza nguvu. Jioni mifuko miwili mitatu haijulikani ilikokwenda. Kiwandani saruji hupimwa kwa mizani, vibreta, yaani mashine za kulitikisa zege, hazikodishwi kwa saa, na umbali kati ya nondo na uso wa zege hulindwa kwa vikalio vilivyopangwa kabla. Umbali huo si jambo dogo kwa jengo la Masaki au Kunduchi, ambako chumvi ya baharini hupenya kwenye zege lililo dhaifu, nondo zikashika kutu, zikavimba na kulipasua zege kutoka ndani.

Jiji hili lina sababu zake za kulichukulia suala la ubora kwa uzito. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30, na Novemba 16, 2024 jengo lililokuwa na maduka na wateja ndani yake lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Hata hivyo si haki kuyatumia maafa hayo kama tangazo la biashara la paneli, kama wafanyavyo baadhi ya wauzaji. Anayeongeza ghorofa ambazo msingi haukukusudiwa kuzibeba ataziongeza hata kama ni za paneli, tena kwa kasi kubwa zaidi. Kiwanda nacho kina hatari ambayo eneo la ujenzi halina: fundi akikosea kwenye nguzo moja, imekosewa nguzo moja, lakini mchoro wa nondo ukikosewa kiwandani, kosa hilo hurudiwa kwenye kila paneli itakayotoka kwenye meza ile hadi mtu aligundue.

Tuje kwenye mwanya. Mei 16, 1968 huko London, mpangaji wa ghorofa ya 18 katika jengo la paneli la Ronan Point, lenye ghorofa 22 na ambalo wakazi wake walikuwa ndio kwanza wamehamia, aliwasha jiko la gesi asubuhi ili achemshe chai. Gesi ilikuwa imevuja. Mlipuko haukuwa mkubwa kiasi cha kumuua mpangaji mwenyewe, lakini uliusukuma nje ukuta wa pembeni, na kwa kuwa ukuta huo ndio uliokuwa umezibeba kuta na sakafu za juu yake, kona nzima ya jengo iliporomoka ghorofa baada ya ghorofa. Watu wanne walikufa. Jengo lilitengenezwa likaendelea kukaliwa, na lilipobomolewa mwaka 1986 kwa kufunguliwa kipande kwa kipande, viungo vyake vilikutwa na mapengo, na pengine palipopaswa kuwa na zege palikuwa pameshindiliwa magazeti.

Nililikumbuka gazeti hilo mwaka jana nilipokuwa natazama vijana wanne wakisimamisha fensi ya vibao vya zege huko Goba. Walikuwa hodari, na kufikia adhuhuri upande mmoja mzima wa kiwanja ulikuwa umesimama. Kibao kimoja cha chini hakikukaa sawa kwa sababu shimo la nguzo lilizidi kina, na mwanya wa kuingiza vidole vitatu ukabaki. Mmoja wao alichukua mfuko mtupu wa saruji, akaukunja mara nne, akaushindilia kwenye mwanya, kisha akapiga chokaa na saruji juu yake na kulainisha kwa mwiko. Baada ya dakika kumi hata mimi niliyeona sikuweza kukitambua kiungo kile. Kwa fensi hasara yake ni paka kupita. Kwa ukuta wa ghorofa ya tatu unaobeba ghorofa nne juu yake, hesabu ni nyingine kabisa.

Habari ya gesi nayo isionekane kuwa ya mbali. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa nchini Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, na kwa mkazi wa ghorofani Dar es Salaam hiyo humaanisha mtungi wa gesi jikoni. Jengo la paneli linaloweza kupoteza ukuta mmoja bila kupoteza kona nzima linawezekana, na Uingereza ililazimisha hivyo kisheria baada ya Ronan Point kwa majengo ya ghorofa tano na zaidi, ila inahitaji nondo za kufunga zinazopita kutoka paneli hadi paneli, kwa ulalo na kwa wima, na nondo hizo ni gharama ambayo mtu mwenye haraka huiona kuwa ya ziada.

Tetemeko la Armenia la Desemba 7, 1988, lililoua watu takriban 25,000, linatuzuia tusihukumu kwa jumla. Katika mji wa Leninakan majengo mengi ya ghorofa tisa yaliyoundwa kwa nguzo na mihimili ya zege la kiwandani yalianguka, lakini yale ya paneli kubwa, ambayo kuta zake hushikana kama kuta za sanduku, kwa sehemu kubwa yalibaki yamesimama. Dar es Salaam si Armenia, ingawa tetemeko la Agosti 12, 2020 lililoanzia baharini lilitukumbusha kwamba ardhi ya pwani hii hailali usingizi wa moja kwa moja.

Upande wa pili wa mizani una uzito wa namna nyingine, nao ni uzito hasa. Ukuta wenye urefu wa mita sita, kimo cha mita 2.8 na unene wa sentimita 15 una zege la mita za ujazo zipatazo mbili na nusu, yaani tani sita na ushei. Tofali la inchi sita kijana mmoja hulibeba begani na kulipitisha kwenye uchochoro wa Manzese. Ukuta wa tani sita unataka trela, barabara inayopitika, kona inayokatika, nyaya za umeme zilizo juu vya kutosha, na kreni iliyokaa kwenye ardhi ngumu. Kreni inayoitwa ya tani 50 huinua tani hizo ikiwa karibu na mzigo tu, na mkono wake ukinyooshwa hadi upande wa pili wa jengo huenda isimudu hata tani tano. Manzese na Tandika, mahali ambapo nyumba zinahitajika sana, ndipo kreni inapopata shida zaidi kuingia.

Lakini kikwazo kikubwa, kwa maoni yangu, ni jinsi fedha zetu zinavyopatikana. Nyumba nyingi za jiji hili hazijengwi, hukusanywa. Mwaka huu mtu hununua kiwanja, mwaka ujao humwaga msingi, mchezo wa kuchangishana fedha kwa zamu ukimfikia hununua matofali mia tano yakakaa chini ya mwembe, bonasi ikitoka hufunga lenta, na bati hungoja mtoto amalize shule. Tofali linamvumilia mtu wa namna hiyo. Paneli haimvumilii, kwa kuwa kiwanda hakiwezi kumwagia ukuta mmoja leo na wa pili baada ya miaka miwili, na kreni iliyokodishwa haingoji mchezo. Anayeamini kwamba paneli zitamshushia gharama mjenzi mdogo wa Chanika anasoma bei ya ukuta na kusahau namna ya kuulipa.

Vivyo hivyo kwa tabia yetu ya kubadili nyumba baada ya kuhamia. Chumba cha mbele hugeuzwa fremu ya duka, dirisha likawa mlango, ukuta wa sebule ukaondolewa. Katika jengo la nguzo na mihimili, ukuta wa tofali aghalabu hujaza nafasi tu. Katika jengo la paneli ukuta ndio nguzo yenyewe, na mpangaji mwenye nyundo anaweza kuwadhuru majirani wa juu yake bila kujua.

Kuhusu ajira, hofu ina msingi lakini hutiwa chumvi. Ni kweli saidia fundi, wafyatua tofali wa kando ya barabara na mama ntilie anayewapikia watapoteza kazi pale kreni na watu wanane watakapochukua nafasi ya watu themanini. Ila msingi, mabomba, vigae, rangi na milango vitabaki mikononi mwa mafundi wale wale.

Nikiulizwa mahali pa kuanzia, nitasema kwa mwenye kujenga vingi vinavyofanana, kwenye eneo pana, kwa fedha iliyokwisha kutengwa. Mradi wa nyumba wa Magomeni Kota ulihusu kaya 644; idadi kama hiyo, yenye vyumba vinavyojirudia, ndiyo inayoweza kulisha kiwanda. Singapore, ambayo takriban asilimia 80 ya wakazi wake huishi katika nyumba za umma, imekuwa ikitumia zege la kiwandani tangu miaka ya 1980 kwa sababu oda hazikukatika, na kiwanda kisicho na oda ya mwaka unaofuata hupandisha bei au hufungwa. Shirika la Nyumba la Taifa na Wakala wa Majengo ndio wenye uwezo wa kuahidi oda za namna hiyo. Hata wao ningewashauri waanze na ngazi na sakafu, ambazo hukaa juu ya kuta na kosa lake huonekana mapema, kabla ya kuzigusa kuta zinazobeba.

Na kabla ya kreni ya kwanza kuingia, mkataba uwe umejibu swali moja la fedha. Kiungo kikishajazwa na kupigwa plasta hakionekani tena, kwa hiyo mhandisi wa kukikagua lazima awe juu ghorofani saa ile ile paneli inaposhushwa, ilhali kreni nayo inalipiwa kwa saa, na kila dakika anayochungulia kwenye mwanya kwa tochi mkandarasi huihesabu kuwa hasara. Iandikwe ni nani mwenye mamlaka ya kuisimamisha kreni hiyo, na saa zitakazopotea zitalipwa kutoka mfuko wa nani.