Kosa la Yezebeli ni shamba la watu

Hapa Mbeya, msichana akitoka saluni Mwanjelwa na kucha ndefu na rangi ya mdomo, hakosi mtu wa kumwita Yezebeli. Jina linatoka kwenye vipaza sauti vya mikutano ya injili, linashuka sokoni, linapanda bajaji. Mimi ni Mkristo na linaniuma, kwa sababu Yezebeli wa Biblia alifanya jambo zito ambalo hatulisemi kabisa.

Fungua 1 Wafalme 21. Mfalme Ahabu anataka shamba la mizabibu la Nabothi, jirani yake pale Yezreeli. Nabothi anakataa, ni urithi wa baba zake. Mfalme analala kitandani, anageuza uso, anasusa chakula. Ndipo mkewe, binti wa mfalme wa Wasidoni, anaandika barua kwa jina la Ahabu, anazipiga muhuri wa mfalme na kuwapelekea wazee wa mji. Wanatafutwa watu wawili wasiofaa, wanashuhudia kwamba Nabothi amemtukana Mungu na mfalme. Anapigwa mawe hadi kufa, na Ahabu anateremka kulichukua shamba.

Wanja? Aliupaka siku ya kufa kwake, 2 Wafalme 9, Yehu, jemadari aliyeipindua nyumba ya Ahabu, alipoingia mjini. Ni kweli Yehu anataja uzinzi na uchawi wake, na Ufunuo 2 unampa jina hilo mwanamke wa Thiatira. Lakini neno alilotumwa Eliya kumpelekea Ahabu ndani ya lile shamba lilihusu damu ya Nabothi na ardhi yake.

Huku kwetu, iwe Rungwe kwenye migomba na chai au Mbozi kwenye kahawa, sura hiyo inatugusa penyewe. Matanga hayajaisha, muhtasari wa kikao cha ukoo umeshaandikwa. Una sahihi, una muhuri, una mashahidi wawili wanaoapa kwamba marehemu alitaka shamba lirudi kwa kaka zake. Mjane anaambiwa arudi kwao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, lakini mjane mwenye msiba anaijulia wapi? Na wanaume wale waliotia sahihi hakuna anayewaita Yezebeli.

Upotoshaji huu haukuanzia kwetu. Marekani, enzi za utumwa, jina hilo walibandikwa wanawake weusi ili ionekane kwamba waliobakwa na mabwana zao walikuwa wamejitakia wenyewe. Mwaka 1938 Hollywood ikatoa filamu iitwayo Jezebel, na Bette Davis akapata Oscar kwa kumwigiza msichana anayekwenda dansini na gauni jekundu wakati wenzake ambao hawajaolewa huvaa meupe. Gauni tu! Margaret Atwood, katika riwaya yake ya 1985 kuhusu taifa liitwalo Gilead, ameliona jambo hili vizuri kuliko wengi: watawala wanaowafunika wanawake mchana wana danguro lao la siri, na danguro hilo linaitwa kwa jina la Yezebeli.

Mume wake je? Herman Melville alimpa jina la Ahabu nahodha wa Moby-Dick, riwaya ya 1851, na leo ukilitaja kwa wasomaji wanamwona mtu mkubwa, mwenye uchungu, anayemkimbiza nyangumi mweupe hadi kufa. Wawili waliolala nyumba moja na kula shamba moja: mmoja kapewa meli na heshima ya msiba mkuu, mwingine kaachiwa rangi ya mdomo.

Simtetei Yezebeli. Aliwaua manabii, alimuua Nabothi. Ninachowaomba wahubiri wetu ni kwamba wakimtaja tena jukwaani waisome sura ya 21 yote, na waisome hasa siku ambayo wazee wa ukoo na wenye mihuri wamekaa viti vya mbele.