Msililaumu jua, kaktasi inauawa na kopo la maji

Kaktasi yangu ya kwanza ilikufa mwezi wa pili, masika yamekolea, hapahapa Mtwara. Kwa juu ilikuwa kijani kibichi, duara kama chungwa dogo. Nilipoigusa ikalala. Shina lote la chini lilikuwa limeoza, laini kama papai lililopitiliza kuiva, na lilikuwa linanuka. Kumbe bibi alikuwa akiimwagilia kila asubuhi pamoja na mirehani yake. "Mjukuu wangu, mti hauna hata jani moja, si kiu hiyo?" Sikuwa na jibu. Hata mimi nilikuwa sijui kwamba ile miiba ndiyo majani yenyewe, yamegeuka hivyo ili mmea usipoteze maji.

Tangu siku hiyo nashikilia neno moja: sisi wa pwani ya kusini tunaziua kaktasi kwa huruma. Tukisikia ni mmea wa jangwani tunadhani joto letu litauchosha, basi tunaupoza kwa maji. Joto halina shida. Shida ni unyevu. Hivi vidogo vya duara vingi asili yake ni Meksiko, kwenye nchi kavu yenye mawe, na vinaweza kukaa miezi bila tone. Huku kwetu mvua ikianza Novemba au Desemba inakwenda hadi Aprili, na hata ikikatika, hewa ya bahari haiachi udongo ukauke upesi. Kwa hiyo mimi Desemba ikiingia nazihamishia barazani, chini ya bati, pasipofikiwa na manyunyu lakini penye mwanga. Chumbani gizani hapana, zitarefuka na kukonda zikitafuta jua. Na mvua zikiisha usizitoe kwa siku moja. Jua la ghafla linaziunguza, na lile baka la kahawia halifutiki tena.

Kinachoniudhi kweli ni hizi kaktasi zinazouzwa ndani ya bakuli la kioo au chungu cha urembo kisicho na tundu. Maji yatatokea wapi? Ukiletewa zawadi ya namna hiyo, ihamishe wiki hiyohiyo. Chungu cha udongo wa kufinyanga ndicho bora, maana nacho kinapumua. Kopo la rangi lililotobolewa chini kwa msumari nalo linafaa.

Udongo wangu ni vikombe viwili vya mchanga mkubwa wa ujenzi uliochanganywa na kokoto ndogondogo, kikombe kimoja cha udongo wenye samadi iliyooza vizuri, na vipande vya mkaa. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi.

Kuhusu maji, sifuati kalenda. Nachomoa njiti ya fagio la chelewa, naichomeka hadi chini kabisa ya chungu, nasubiri kidogo, naitoa. Ikitoka na punje za udongo zilizonata, naondoka. Ikitoka kavu na safi, namwagilia mpaka maji yatiririke tunduni, halafu basi. Kiangazi hiyo huwa kama kila siku kumi. Masika zinaweza kumaliza wiki nyingi sijazigusa.

(Mnyaa wa kwenye nyua zetu si kaktasi, ingawa nao unavumilia ukame. Kaktasi utaijua kwa vile vidoa vyenye manyoya kama pamba, ambamo miiba huchipukia. Ila pamba hiyo ikionekana imetambaa hadi kwenye mikunjo na inanata, hao ni wadudu. Wafute kwa spiriti.)

Mwaka jana wakati wa kipupwe, kusi linavuma na usiku una baridi, niliipunguzia maji sana kaktasi yangu ya pili. Septemba ikatoa maua ya waridi, madogo kama vifungo vya shati, yakaizunguka kichwani kama kilemba. Bibi alivuta kigoda akakaa mbele yake mpaka adhuhuri.

Sasa imezaa vitoto vitatu. Nimevikata, nimevilaza dirishani juu ya gazeti wiki nzima ili vidonda vikauke kabla ya kupandwa. Kimoja kinakwenda Lindi kwa shangazi. Bibi ameshampigia simu kumwambia asikimwagilie.